Tuwaangalie Watoto Sokoni, Wetu na wa Wenzetu



Mvua za Oktoba zikikaribia, agroveti zetu za Kitui na Makueni hujaa watu. Kuanzia Mwingi hadi Mutomo, kuanzia Wote hadi Kathonzweni, tunapanga foleni kutafuta mbegu za mahindi, ndengu, kunde na mbaazi, maana huku kwetu mvua za mwisho wa mwaka ndizo tunazozitegemea kuliko za Machi. Wengi kwenye foleni hizo ni kina mama na kina susu, yaani mabibi, na wengi wao wana mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika leso. Huyo aliyeshika leso ndiye ninayetaka tumzungumzie.

Leso ataiachilia. Mama atahitaji mikono yote miwili kuhesabu noti au kubonyeza simu alipe kwa M-Pesa, na kabla ujumbe haujaingia, mtoto wa miaka mitatu ameshafika kwenye rafu ya chini. Katika agroveti nyingi rafu ya chini ndiyo yenye sumu ya panya, dawa ya kuogeshea ng'ombe na unga wa kuua dumuzi wa mahindi. Vitu vizito huwekwa chini, na vitu vya bei ndogo huwekwa pale mkono unapofika upesi. Hakuna aliyekusudia mabaya. Lakini kimo cha mtoto na kimo cha sumu vinalingana.

Nimeona haya kwa macho yangu katika duka moja msimu wa kupanda. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, akiokota punje za mahindi zilizomwagika kutoka kwa pakiti iliyopasuka. Mbegu za dukani hupakwa dawa, na dawa hiyo hutiwa rangi kali, ya waridi au nyekundu, ili mtu mzima ajue si za kupika. Machoni pa mtoto rangi hiyo ni peremende. Alikuwa na punje mbili kiganjani na ya tatu ilikuwa njiani kwenda kinywani. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni aliinama, akamshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akavipangusa kwa pindo la leso yake, kisha akauliza kwa sauti: "Mwenye mtoto huyu yuko wapi?" Mama akageuka. Badala ya kushukuru akafoka: "Na wewe unamshikia nini mwanangu?" Waliokuwa dukani wakageuza nyuso. Yule mwanamke hakujibu. Alilipa, akabeba mbegu zake, akaenda.

Simlaumu yule mama. Alishtuka, akaona haya mbele za watu, na mshtuko ukiungana na haya mara nyingi hutoka kama hasira. Ninalolihofia ni yule mwanamke wa pili. Siku nyingine akimwona mtoto anaokota punje za rangi ya waridi, je, atainama tena?

Huo ndio ugonjwa unaotuingia kidogo kidogo katika masoko yetu. Zamani mtoto aliyeonekana peke yake njiani aliulizwa yeye ni wa nani, akashikwa mkono, akapelekwa kwao, na aliyempeleka akapewa kibuyu cha uji. Leo mtu mzima anamwona mtoto analia mlangoni pa supamaketi, anasita, anatazama kushoto na kulia, anapita. Wanaume ndio wanaopita kwa haraka zaidi. Wanajua kwamba sauti moja tu ya "Mwizi wa watoto!" inatosha kuwaletea mawe kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Hofu yenyewe haikutoka hewani. Novemba 2020 waandishi wa BBC walionyesha jinsi watoto wachanga walivyokuwa wakiibwa na kuuzwa Nairobi, wengine wakichukuliwa kutoka kwa kina mama wanaolala barabarani. Julai 2021 Masten Wanjala alikamatwa, akakiri kuua watoto kumi au zaidi, na polisi wakasema wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12 kutoka Machakos, kwa jirani zetu hapa. Oktoba mwaka huo alitoroka seli, na siku chache baadaye umati ukamuua Bungoma. Nchi nzima ilifuatilia habari hizo. Mzazi aliyezisikia ana haki ya kushtuka akiona mkono wa mgeni kwenye bega la mwanawe. Lakini umati unaojipa kazi ya hakimu ni huo huo unaoweza kesho kumzunguka mtu asiye na hatia aliyemwokota mtoto barabarani, na siku hiyo hakutakuwa na wa kumwokoa.

Basi tukubaliane jambo moja, tulitangaze kila mahali hadi kila mtu alijue: mwenye nia mbaya humwondoa mtoto machoni pa watu, mwenye nia njema humbakiza machoni pa watu. Polisi walieleza kwamba Wanjala alijifanya kocha wa kandanda akawaita watoto wamfuate. Huko kumfuata ndiko kulikokuwa na hatari. Kwa hiyo ukimwona mtoto mdogo peke yake dukani au sokoni, usimhamishe. Simama naye pale pale alipo. Chutama usawa wake, usimbebe kama hakuna haja. Paza sauti uwaambie walio karibu kwamba kuna mtoto hapa na unamtafuta mzazi wake. Mwite mtu mzima wa pili asimame nawe, na kama wewe ni mwanamume, basi heri huyo wa pili awe mama anayejulikana pale, mama mboga mwenye meza yake au mhudumu wa duka. Usimnunulie kitu, usimpeleke "kutafuta mama kule stendi". Mama akigundua, atarudi alikomwacha, na anapaswa kumkuta hapo.

Akikawia, mwite mwenye duka, au askari wa soko, au chifu. Ikibidi, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi na hupokelewa usiku na mchana. Kituo cha polisi unakijua. Nambari hiyo 116 ingekuwa imeandikwa kwenye kila nguzo ya soko la Kalundu na kila ukuta wa duka Wote na Emali, tungekuwa tumefanya jambo kubwa kwa gharama ya rangi tu.

Hatari ya papo hapo haina adabu hizo. Mtoto akielekea barabarani, mnyakue kwanza, salamu baadaye. Akiwa na chupa ya dawa mdomoni, mpokonye. Na akiwa ameshameza, usimlazimishe kutapika. Chukua mkebe au pakiti ya alichomeza, nenda naye hospitali, daktari aisome.

Ila mkono uliomwokoa usimpige. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaodhani kumsaidia mama mwenye mtoto mtundu ni kumpa mtoto kofi. Katiba yetu, Ibara ya 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Kofi la mgeni linamfundisha mtoto jambo moja tu: akipotea, awakimbie watu wazima.

Nanyi wazazi, nawaomba mambo machache. Mgeni akikurudishia mtoto, mwambie asante, hata kama moyo unadunda. Mkiingia dukani, mwambie mtoto kabla hamjavuka mlango: shika leso, ukiona nimepotea simama hapo hapo, usinitafute. Mfundishe jina lako kamili, maana mtoto akisema "Mama" sokoni wanageuka watu mia. Siku ya soko mwandikie nambari yako ya simu kwenye mkono kwa kalamu, nambari bila jina. Mtu mbaya akijua jina la mtoto anapata ufunguo wa kumdanganya.

Wala tusisahau nani hasa anawabeba watoto hawa. Katika nyumba nyingi za Ukambani baba yuko Nairobi, mama yuko Mombasa, na susu ndiye anayelea. Magoti yake hayawezi kushindana na mbio za mtoto wa miaka miwili na nusu kati ya magunia. Anayemwambia susu huyo "umezembea" amekosa heshima na amekosa ukweli. Mshikie mtoto, mwache susu alipe.

Wenye maduka, kazi yenu haiishii kwenye kaunta. Wengi wenu mna kibandiko ukutani: ukivunja umenunua. Kinataja vitu ambavyo mtoto anaweza kuvunja, hakitaji vinavyoweza kumvunja mtoto. Pandisheni sumu ifike usawa wa kifua cha mtu mzima. Mbegu zikimwagika, fagieni papo hapo. Mafuta ya taa yasiwekwe tena kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto anaijua soda kwa umbo la chupa. Wenye vinu vya posho, funikeni mshipi unaozunguka. Foleni ya unga ni ndefu na watoto hucheza pale pale. Na kila duka liwe na benchi moja ndani, mahali ambapo mhudumu anaona, mama aweze kumketisha mtoto wakati wa kulipa.

Kuna miji ambako benchi hilo lina uzito wa pekee. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei imekua ikiielekea barabara ya Mombasa. Mtoto akitoka mlangoni mwa duka anakanyaga baraza, anapita bodaboda zilizoegeshwa, hatua chache yuko kwenye lami, na kwenye lami kuna lori la kontena linalokimbilia bandarini. Mwingi ni vivyo hivyo kwa barabara ya Garissa. Na tangu barabara ya Kibwezi kwenda Kitui iwekwe lami, watu wa Ikutha na Mutomo, waliozoea magari yanayonyata kwenye vumbi na mashimo, sasa wana magari ya kasi mbele ya maduka yale yale, yenye milango ile ile isiyo na kizuizi. Vijana wa bodaboda, ninyi ndio mnaokaa kati ya mlango na lami kutwa nzima. Nawaomba kila kituo cha bodaboda kikubaliane kwamba mtoto chini ya miaka sita asiyeshikwa mkono hapiti hapo. Hamhitaji sheria mpya kwa hilo.

Babu zetu na bibi zetu hawakuchimba matuta ya milima hii mmoja mmoja. Ilikuwa mwethya: leo shamba lako, wiki ijayo la jirani. Kwa moyo huo huo wanavijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, wengine wakibeba mawe kwa ajili ya maji ambayo yangefaidi zaidi boma la mwenzao. Vyama vya kina mama vinavyokutana leo kuweka akiba na kukopeshana vimetoka kwenye shina hilo. Nawaomba wanachama wa vyama hivyo waongeze jambo moja kwenye daftari: zamu ya watoto. Siku ya soko, mmoja anabaki na watoto chini ya kivuli kinachojulikana, wenzake wananunua pamoja na mahitaji yake, wiki inayofuata zamu inahama. Hakuna atakayelipwa, hakuna atakayedaiwa. Mnaaminiana na pesa. Mnaweza kuaminiana na watoto.

Hilo linaweza kuanza Oktoba hii. Lakini kivuli cha mwembe si jibu la kudumu, na hapa serikali za kaunti zina deni. Someni Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili. Masoko yamekabidhiwa kaunti. Elimu ya chekechea imekabidhiwa kaunti, na pamoja nayo, kwa kuandikwa kabisa, vituo vya kulea watoto. Mkono unaojenga soko ndio huo huo uliopewa kazi ya kujenga mahali pa mtoto. Mbona basi masoko mapya yanajengwa na paa zuri, vyoo na taa, na hayana chumba ambako mama anayeuza nyanya anaweza kumwacha mwanawe alale? Mama huyo analipa ushuru kila siku. Mtoto wake analala kwenye katoni chini ya meza, miguu ya wateja ikimpita kichwani.

Makueni ilijipatia jina nchini, tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kwa kuwasikiliza wananchi kuanzia kijijini kabla ya kupanga bajeti. Kitui pia inalazimika kisheria kuwaita watu watoe maoni. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa hiyo mikutano ya maana ni ile ya kabla ya hapo, na kina mama wengi huikosa kwa sababu ile ile: hawana wa kumwachia mtoto. Nendeni na watoto wenu. Walie, wacheze, wapande kwenye viti vya viongozi, waonekane. Mwakilishi wa wadi akiuliza maoni, simama utaje soko lako kwa jina, useme mnataka chumba kimoja chenye uzio, maji, mlezi anayelipwa na daftari la kuandika nani amemleta mtoto na nani amemchukua. Usiketi hadi karani awe ameandika.