Ardhi Iliyoganda Si Ardhi Iliyokufa

Msomaji, katika vyumba vingi vya shule hutundikwa ramani ya dunia. Nchi za mvua zimepakwa rangi ya kijani, majangwa yamepakwa rangi ya mchanga, na huko juu kabisa na chini kabisa, penye ncha za dunia, pameachwa peupe. Weupe huo maana yake ni kwamba hapo pana barafu. Walakini macho ya watu wengi huusoma kwa maana nyingine: hapo hapana kitu, hapana udongo, hapana uhai, wala hapana la kujifunza, na tugeuze ukurasa. Nia yangu katika insha hii ni kuipinga dhana hiyo. Naipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa kosa hilo lina hasara kwa kila mtu aishiye duniani, hata yule ambaye hajapata kushika theluji mkononi mwake.

Dhana hiyo ni kongwe. Mwaka 1867, Marekani iliponunua Alaska kutoka kwa Urusi kwa dola milioni 7.2, waziri William Seward, aliyeifanya biashara ile, alichekwa na watu wengi walioona kwamba amenunua sanduku la barafu. Mwezi wa Desemba 1903, nahodha Robert Falcon Scott aliteremka katika bonde moja kavu la Antaktika, akatazama mawe na mchanga, akaandika kwamba hilo ni bonde la wafu. Hata wataalamu wa udongo hawakusalimika. Kitabu kikuu cha Marekani cha kuainisha udongo, kilichotolewa mwaka 1975, kiliugawanya udongo wa dunia katika koo kumi, na hapakuwamo hata ukoo mmoja uliotengwa kwa ajili ya udongo ulioganda. Ukoo huo, uitwao Jelisoli, uliingia katika toleo la pili la mwaka 1999. Tazama basi, mwanadamu alikwisha kutembea mwezini kabla udongo wa baridi haujapewa kikao chake katika kitabu kile!

Sasa tuuangalie ukweli wenyewe. Ardhi huhesabiwa kuwa imeganda daima ikiwa joto lake halipandi juu ya sifuri kwa muda wa miaka miwili mfululizo, au zaidi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ardhi ya namna hiyo imeenea takriban kilometa za mraba milioni 14, yaani zaidi ya mara ishirini ya nchi nzima ya Kenya. Iko Siberia, Alaska, Kanada, Greenland, na katika nyanda za juu za Tibet. Kina chake hushangaza. Katika mji wa Yakutsk, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Kazi iliendelea hata mwaka 1837, shimo likapita mita 116, na bado wachimbaji walikuwa wakipiga ardhi ngumu kama jiwe. Maji hayakupatikana, lakini elimu ilipatikana. Kwani katika miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alipima joto la ardhi katika shimo lile lile, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba ganda la Siberia ni jembamba. Leo twajua kwamba mahali pengine hupita kilometa moja kwenda chini.

Usidhani kwamba ardhi hiyo imelala tu. Kila kiangazi tabaka la juu huyeyuka, pengine sentimita thelathini, pengine mita moja au zaidi, na ndani ya tabaka hilo maisha yote hufanyika kwa haraka. Mvua ya huko ni haba, na sehemu nyingi hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka. Hata hivyo udongo wa tambarare hujaa maji kama kinamasi, kwa sababu maji yakishuka hukuta sakafu iliyoganda, yakakosa pa kwenda. Majira ya baridi yakirudi, maji hayo huganda na kutanuka karibu sehemu tisa katika mia. Mtanuko huo husukuma mawe yapande juu, huvuruga matabaka ya udongo kama mpishi akorogavyo uji, na baridi kali hupasua ardhi kwa nyufa ambazo hujazwa barafu mwaka hata mwaka. Ndiyo maana, mtu akiitazama nchi hiyo kutoka angani, huiona imechorwa mapande yenye pembe nyingi, moja kando ya jingine, mithili ya sakafu iliyotandazwa na fundi. Je, mtu atasema kwamba kitu kinachosukuma, kinachokoroga na kuchora namna hii kimekufa?

Na uhai umo. Juu ya udongo huo huota kuvumwani, nyasi za pamba, na miti ambayo urefu wake haumfikii mtu magotini. Kulungu wafugwao na Wanenetsi na Wasami, waitwao reindia, hupata malisho yao hapo. Hata katika bonde lile ambalo Scott aliliita la wafu, wataalamu wamekuta minyoo midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Mmoja huitwa Scottnema lindsayae. Maji yakikosekana, mnyoo huyu hujikunja, hukauka, akasimamisha kazi zote za mwili wake. Maji yakipatikana, huamka akaendelea na safari. Mwaka 2012, wataalamu wa Urusi walieleza jinsi walivyootesha mmea wa maua meupe kutoka katika matunda yaliyofukiwa na kindi wa kale kando ya mto Kolyma. Matunda hayo yalikuwa yamekaa katika ganda kwa zaidi ya miaka 30,000, na mmea ule ulichanua, ukazaa mbegu. Bonde la wafu halihifadhi mbegu hai. Aliyekosea ni mtazamaji, kwa kuwa alitazama juu ya ardhi tu.

Lakini yupo mpinzani mwingine, naye ana akili zaidi ya yule wa kwanza. Huyu husema: "Vyema, udongo upo, basi na uyeyuke. Dunia ikipata joto, nchi hizo pana zitalimwa ngano, na njaa itapungua." Maneno haya hupendeza masikioni, ila ardhi yenyewe imekwisha kuyajibu. Karibu na mji wa Fairbanks katika Alaska, wakulima walifyeka miti na kulima mashamba juu ya ardhi iliyoganda. Barafu iliyokuwa chini ikaanza kuyeyuka, nayo ardhi ikadidimia. Mashamba yaliyokuwa sawa yakawa vilima na mashimo, hata mashine zikashindwa kupita. Mwaka 1942, majeshi ya Marekani yalipojenga barabara kuu ya kwenda Alaska, mahali pengi walikwangua kuvumwani na majani ili wapate ardhi ngumu. Kumbe lile zulia la majani ndilo lililokuwa likiikinga baridi ya chini isitoroke! Jua likapiga, ardhi ngumu ikawa tope, na magari yakazama. Wakajifunza kwa taabu kuliacha zulia mahali pake na kutandaza magogo juu yake. Vivyo hivyo huko Batagai, Siberia, misitu ilikatwa katika miaka ya 1960, na penye jeraha hilo likafunguka korongo ambalo halijaacha kupanuka. Sasa urefu wake wafikia kilometa moja hivi.

Ni haki nikiri kwamba nchi ya Yakutia ina mabonde ya majani mazuri, yaitwayo alasi, na Wasakha hulisha farasi na ng'ombe wao humo. Nayo yalizaliwa ardhi ilipoyeyuka zamani. Lakini yalizaliwa kwa maelfu ya miaka, si kwa miaka ya utawala wa waziri mmoja. Zaidi ya hayo, udongo mwingi wa huko una uchungu wa asidi, na chakula cha mimea kimefungwa ndani ya majani ambayo hayajaoza. Mwenye kutumaini mavuno ya haraka kutoka humo ni kama mtu abomoaye ukuta wa nyumba yake ili apate kuni za siku moja.

Mpinzani wa tatu yuko karibu zaidi nasi, na pengine, msomaji, ni wewe. Huyu huuliza: "Yatuhusu nini sisi tulio chini ya jua la Ikweta?" Yatuhusu, nami nitaeleza kwa nini. Mmea ukifa katika nchi ya joto, mchwa, kuvu na bakteria humla upesi, na kaboni iliyokuwa mwilini mwake hurudi hewani. Huko kaskazini baridi huwafunga mikono walaji hao. Kila kiangazi mimea hufa, haiozi yote, nayo huzikwa na kuganda. Jambo hilo limefanyika kwa maelfu na maelfu ya miaka, na matokeo yake ni ghala. Wataalamu wamekadiria kwamba ardhi za kaskazini zenye ganda zina kaboni kiasi cha tani bilioni 1,500, yaani karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo hewani.

Ghala hilo halina kufuli ila baridi. Tangu mwaka 1979, nchi za Aktiki zimepata joto kwa kasi ambayo ni karibu mara nne ya wastani wa dunia nzima. Ganda likiyeyuka, walaji waliofungwa mikono hufunguliwa. Wakila penye hewa hutoa gesi ya kaboni, na penye maji yaliyotuama hutoa methani, ambayo katika muda wa miaka mia huzuia joto takriban mara 28 kuliko gesi ya kaboni ya uzito ule ule. Gesi hizo hazina pasi wala hazisimami mpakani. Hewa huchanganyika duniani kote, na joto lizidishwalo Siberia huhesabiwa pia juu ya mashamba yetu. Sisemi kwamba ghala zima litalipuka siku moja. Wasemao hivyo huwatisha watu bure, na mtu aliyetishwa bure huacha kusikiliza. Nasema kwamba linavuja kidogo kidogo, kwamba kila kiasi cha joto tunachokiongeza hulifungua zaidi, na kwamba yaliyotoka hayarudi katika maisha ya mtu.

Wapo waliokwisha kulipa. Katika kiangazi cha 2016, kwenye rasi ya Yamal, ugonjwa wa kimeta ulizuka baada ya miaka 75 ya kutoonekana, na wataalamu waliona kwamba joto lililoyeyusha ardhi lilifungua mizoga ya kale yenye vijidudu. Reindia zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto mmoja pia. Chanjo ya wanyama hao ilikuwa imesimamishwa mwaka 2007. Basi hapo lawama si ya ardhi peke yake. Huko Alaska, kijiji cha Newtok cha watu wa Yup'ik kilimong'onyolewa na mto huku ardhi ikilegea chini ya nyumba, na tangu mwaka 2019 jamaa walianza kuhamia mahali papya, Mertarvik. Watu hao hawakujenga viwanda vilivyoitia dunia joto. Mkenya aliyepoteza ng'ombe wake katika ukame hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hilo.

Wala baridi yenyewe si mgeni katika nchi yetu kama udhanivyo. Panda Mlima Kenya, upite misitu na mianzi, ufike penye miti ya ajabu ya senesio. Huko juu ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana, karibu kila siku ya mwaka. Sindano za barafu huinua udongo alfajiri, na mawe hujipanga mistari kwenye miteremko, sawasawa na yale ya Aktiki, ila kwa vipimo vidogo. Mwanafunzi wa Nyeri au wa Meru anao mlango wa elimu hii mbele ya macho yake.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwalimu akuambiapo kwamba ncha za dunia ni barafu tupu, mwulize kwa adabu: chini ya theluji pana nini? Swali hilo litamfaa yeye pia. La pili, jihadhari na neno "bure" litumikapo juu ya ardhi. Walioiita Alaska bure, walioliita bonde la Scott bure, na wale ambao hapa kwetu waliziita nchi kame za kaskazini bure, wote walipima udongo kwa kipimo kimoja tu: utanipa nini mimi, na mwaka huu? Udongo ulioganda haumpi mtu gunia la mahindi. Kazi yake ni kushika kilichoshikwa, na ameishika kazi hiyo tangu kabla ya kuwapo mji wala mfalme. Mlinzi wa namna hiyo hutambuliwa thamani yake siku aondokapo mlangoni. Nasi tunayo nafasi ya kumtambua angali bado yupo.