Maoni Yetu: Kinga ya mtoto wa mbwa huanza kwa mama

Watoto wa mbwa wakianza kufa mmoja baada ya mwingine kwa kutapika na kuhara damu, neno la kwanza mtaani huwa ni sumu, na macho yote humgeukia jirani. Mara nyingi jirani hana kosa. Muuaji ni virusi vya parvo, na kazi yake inazuilika. Msimamo wetu ni huu: kila anayefuga mbwa jike Kenani, Mantapala, Kashikishi na vijiji vyote vya ufuko wa Ziwa Mweru amchanje kabla hajapandwa. Na wilaya ya Nchelenge, Zambia, ihakikishe kwamba chanjo hiyo inafika huku kwetu.

Kambi ya mapito ya Kenani ilifunguliwa mwaka 2017 kuwapokea waliokimbia vita vya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika huko Kongo, ng'ambo ya pili. Mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa, na familia nyingi zikahamia huko. Aliyevuka na kifurushi kimoja ameanza upya na kuku wachache, mbuzi wawili na mbwa wa kulinda. Kwa mwenyeji wa ufukweni nako, mbwa ndiye mlinzi wa samaki walioanikwa na nyavu zilizoachwa nje. Mbwa hawa hawafungwi. Asubuhi yuko kwa mwenyewe, mchana yuko sokoni akitafuta matumbo ya samaki, jioni yuko kambi ya wavuvi. Virusi vikiingia nyumba moja, vimeingia mtaa mzima.

Parvo ya mbwa ni ugonjwa mgeni. Ulijulikana mwaka 1978, na kwa muda mfupi ulikuwa umezunguka dunia nzima. Hautembei kwa hewa, unatembea kwa kinyesi. Mbwa mgonjwa hutoa virusi kwa wingi mno, na huanza kuvitoa hata kabla hajaonyesha dalili. Anayepita hapo huvibeba kwa ndala, kwa magurudumu ya baiskeli, kwa bakuli la chakula au kwa mikono ya mtoto. Vikikaa mahali penye unyevu na kivuli huweza kuishi mwaka mzima na zaidi. Binadamu haambukizwi parvo ya mbwa, ila anaweza kuileta nyumbani asijue.

Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa hukaa siku tatu hadi saba, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuugua. Kisha hunyong'onyea, hukataa chakula, hutapika, na kuhara maji yenye damu na harufu kali. Asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Walio hatarini zaidi ni wa wiki sita hadi miezi sita. Mama mwenye mimba asiye na kinga akiambukizwa, mimba inaweza kuharibika, au watoto wakazaliwa na virusi vilivyokwisha kushambulia moyo. Hao hufa ghafla, siku ambayo mwenyewe aliwaona wanacheza.

Ndiyo sababu tunaanza na mama. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kwa kunyonya maziwa ya mwanzo, na nafasi hiyo ni ya siku moja tu baada ya kuzaliwa. Mama aliyechanjwa huwapa wanawe kinga hiyo. Mama ambaye hakuchanjwa na hajawahi kuugua hana cha kuwapa. Kwa hiyo, mchanje wiki kadhaa kabla hajaingia kwenye joto la kupandwa, umpe na dawa ya minyoo. Akishashika mimba umechelewa, kwa kuwa chanjo ya parvo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, na haipewi mbwa mwenye mimba. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Miezi miwili ni mifupi. Anayengoja tumbo lionekane ndipo ajiandae amekwisha kupitwa.

Kinga ya maziwa nayo haidumu. Hupungua taratibu kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita, na kila mtoto ana siku yake. Ikiwa bado ina nguvu huizuia chanjo isifanye kazi. Ikiwa imekwisha humwacha mtoto wazi. Ndiyo maana sindano moja haitoshi. Ratiba ni hii: ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha nyingine kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita, na nyingine tena ndani ya mwaka wa kwanza. Anayechoma mara moja akaona amemaliza ndiye yule anayesema chanjo haina maana.

Kati ya hapo, nyumba ndiyo kinga. Wiki tatu za mwisho za mimba na wiki tatu za kwanza baada ya kuzaa, mtenge mama na mbwa wengine wote, hata wale wanaoonekana wazima. Utaratibu huu unasaidia pia dhidi ya hepesi ya mbwa, kirusi kingine kinachoua watoto wasiofikisha wiki tatu, na hushamiri pale mwili wa mtoto unapopoa. Mtoto mchanga wa mbwa hawezi kujipasha joto. Kwa hiyo mahali pa kuzalia pawe pakavu pasipo upepo, penye gunia au matambara safi yanayobadilishwa mara kwa mara. Mtu mmoja tu awahudumie, akiwa na ndala za kazi hiyo pekee, na anawe mikono kabla na baada. Wageni na watoto wa jirani wasubiri. Anayetaka kuchukua mtoto wa mbwa asimwondoe kwa mama kabla ya wiki nane, wala asimtembeze sokoni kabla ya kumaliza chanjo.

Kuhusu usafi, sabuni peke yake haiui parvo, wala spiriti haiui. Klorini inaiua. Na klorini si ngeni kwetu. Kipindupindu kimetufundisha kuitumia. Ondoa kwanza uchafu wote na uoshe kwa maji na sabuni, maana klorini ikikuta kinyesi nguvu yake hupotea. Kisha changanya kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na vikombe thelathini vya maji, mwaga, acha dakika kumi, suuza, na pakauke kabla mbwa hajarudi. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Udongo wa uani hausafishiki hivyo. Hapo saidia jua lipige, fukua tabaka la juu na ulizike. Kinyesi na mizoga vizikwe kwa kina, mbali na kisima. Kutupa mzoga ziwani au vichakani ni kumpelekea mwingine msiba.

Akiugua, mtenge saa hiyo hiyo na umwite ofisa wa mifugo. Hospitali za mbwa hazipo karibu, lakini si kila mgonjwa amehukumiwa kufa: kinachoua haraka ni kuishiwa maji mwilini. Asipotapika, mpe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari, yale yale tunayowapa watoto wetu wakiharisha. Usimpe panado wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, kwani zinaweza kumuua. Akipona, abaki peke yake wiki mbili zaidi, kwa sababu bado anatoa virusi. Na nyumba iliyofiwa isilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwa muda wa mwaka mmoja.

Wapo watakaouliza: watu wenyewe wanahangaikia dawa, mbwa wa nini? Swali ni la haki, na jibu lipo. Kichaa cha mbwa humuua karibu kila mtu aliyekwisha kuonyesha dalili, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaokufa. Ili kukizuia, angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Lakini parvo ikiua watoto wa mbwa kila msimu, watu huleta wengine kutoka popote, na kila anayeingia ni mbwa asiye na chanjo yoyote. Kazi ya kampeni nzima huyeyuka. Mbwa anayeishi muda mrefu, mwenye mwenyewe anayejulikana na chanjo zilizotimia, ndiye anayemlinda mtoto wa binadamu.

Serengeti imetuonyesha pia kwamba ugonjwa wa mbwa hauishii kwa mbwa. Mwaka 1994 distempa, kirusi ambacho kwa kawaida hukingwa kwa sindano ile ile ya parvo, iliua simba wapatao 1,000, kama theluthi moja ya simba wote wa eneo lile, na ushahidi ulielekea kwa mbwa wa vijijini waliopakana na hifadhi. Mwaka 2017 ugonjwa huo huo ulifagia mbwa mwitu wa Laikipia, Kenya. Nasi tuna hifadhi ya Lusenga Plain jirani. Hatuna haja ya kungoja somo hilo litufikie mlangoni.

Tunazitaka ofisi ya mifugo ya Nchelenge, Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi na mashirika yanayohudumia Mantapala kufanya mambo matatu. Kwanza, kila kampeni ya kichaa cha mbwa ije pia na chanjo ya parvo na distempa, angalau kwa majike na watoto wao. Pili, sindano hizi ziwekwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu zinakotoka mpaka huku. Chanjo iliyopata joto njiani ni maji matupu. Tatu, matangazo yatolewe kwa Kiswahili na Kibemba, ili mkimbizi na mwenyeji wasikie neno moja, maana mbwa wao wanakula jalala moja.

Na wewe mwenye mbwa usikae kungoja serikali. Kama jike wako hajapandwa, ulizia chanjo wiki hii na uchangishane gharama na majirani; daktari akija kwa mbwa kumi, kila nyumba italipa kidogo. Kama tayari ana mimba, mtenge leo, andaa klorini, na hesabu tarehe za sindano za watoto kabla hawajazaliwa. Kama huna uwezo wa kuyafanya hayo, basi mfungie akiwa kwenye joto asipandwe. Kuzalisha watoto wa mbwa usiokusudia kuwakinga ni kueneza ugonjwa, na jambo hilo lazima likome.