Aliyelipa Kiingilio Hakuja kwa Hisani

Leo naweka pembeni magauni na mitandio, ingawa nitayarudia, kwani jambo lenyewe limenifika kupitia kwa bi harusi mmoja niliyemshonea.

Gauni lake la akdi nililimaliza kwa usiku mbili. Baada ya harusi akachukua sehemu ya mahari yake, pesa yake halali ambayo hapana wa kumuuliza hesabu, akalipia watu wawili, yeye na mumewe, kwenye matembezi ya wapenzi wa gari za fowili. Alitaka kumpa mumewe zawadi ndani ya fungate. Mimi na mume wangu tukalipa pia. Tangazo lilikuja kwenye simu: shilingi 35,000 kila mtu, kutoka Chake Chake hadi Konde, kisha kupenya msitu wa Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi. Kiti ndani ya fowili, chakula cha mchana, hema la wanawake lenye pahala pa udhu na sala, na kurudi kabla ya magharibi.

Kwa msioujua mchezo huu, wenye gari hizo hulitafuta tope kwa makusudi. Wakikwama hufurahi, wakivutana kwa winchi hupiga makelele ya raha. Sina neno nao, kila mtu na kinachomburudisha, na afadhali tope kuliko mambo mengine.

Neno langu ni juu ya viti. Siku ya safari, Land Cruiser na Prado zote zilikuwa zimeshajaa marafiki wa waandaaji na jamaa zao, ambao wengi hawakulipa hata senti. Sisi wenye risiti tukapakiwa kwenye gari la abiria la kukodi, ambalo baada ya Konde, njia ya lami ilipokwisha na tope kuanza, likasimama. Tukashuka tukatembea, bi harusi wangu na viatu vyake vipya mkononi. Kufika ufukweni, hema la wanawake limejaa magurudumu ya akiba na madumu ya mafuta. Udhu tuliutia kwa maji ya chupa tuliyoyanunua wenyewe, na sala tukasali nyuma ya mikadi, mmoja akitukinga kwa kanga. Wali ulipofika kwetu ulikuwa ukoko. Tumerudi Chake baada ya isha, kwa sababu gari zilikwama na wenyewe hawakuwa na haraka ya kuzikwamua. Kwao ule ndio mchezo, kwetu sisi ilikuwa kungoja.

Bi harusi alipouliza kwa adabu kama atarudishiwa chochote, akaambiwa, "Dada, mvua ni mambo ya Mungu." Na mwengine akaongeza kuwa faida yote inakwenda kwa mayatima, kwa hiyo asitie nia mbaya.

Hapo ndipo nilipokasirika. Mvua ni ya Mungu, sawa. Nani kapanda Prado bila kulipa na nani kateremshwa msituni na risiti yake, hilo si la mvua. Na yatima hapewi haki yake kwa kumdhulumu bibi arusi. Ukitaka sadaka, omba sadaka, watu watatoa. Ukiuza kiti, umeuza kiti.

Sisi Wapemba tumekulia kwenye karafuu, hili tunalielewa kuliko wengine. Mnunuzi hatazami juu ya gunia tu, hutia mkono mpaka chini, kwani kavu inaweza kuwa juu na mbichi chini. Na mnakumbuka kisa alichokipokea Abu Hurayra, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akatia mkono kwenye chungu la chakula na vidole vikapata majimaji. Mwenyewe akajitetea kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakione. Basi hata hawa wangelisema mapema kuwa wanazo gari chache, na kwamba wengine tutakwenda kwa miguu kutoka lami inapoishia, tungelichagua wenyewe.

Msidhani haiwezekani. Jirani zetu Kenya wana mashindano ya Rhino Charge tangu 1989. Gari za fowili hupita porini kutafuta vituo 13 ndani ya saa kumi, na anayeshinda ni aliyepita masafa mafupi zaidi, si mwenye mbio. Pesa zilisaidia kujenga uzio wa milima ya Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Nao hukusanya kwa ajili ya kheri, lakini kila mtu anajua anachokilipia. Hata siri yao ina uadilifu: pahala pa mashindano hufichwa mpaka siku zikaribie ili timu yoyote isiende kupakagua mapema. Wa kwetu walituficha kwa sababu nyengine kabisa.

Nisijitakase. Mwaka mmoja nilichelewesha gauni, umeme ulikatika siku mbili. Bi harusi alivaa la dada yake. Umeme si wangu, lakini nilikuwa nimepokea kazi tatu juu ya uwezo wangu na sikumwambia. Nilirudisha pesa yote, na kitambaa nikakilipa.

Na sisi wateja pia tuna yetu. Tunalipa kichwa kimoja, tunaondoka na watoto watatu na binamu. Tunaambiwa saa mbili, tunatoka nyumbani saa tatu, halafu tunanuna tukikuta gari limeondoka. Mwenye kukodi gari kalipia mafuta tangu alfajiri, naye ana haki yake.

Mtaniuliza pia mwanamke wa Kiislamu anatafuta nini kwenye tope pamoja na wanaume. Nilikwenda na mume wangu, nimejistiri, na nimelipa. Tena ndiyo maana lile hema lilikuwa na thamani kuliko chakula.

Wiki iliyopita waandaaji wamenipigia. Wanataka niwashonee vizibao 40 vya safari ijayo, na nibandike tangazo dukani kwangu kwa kuwa mabibi harusi wanaingia. Kazi ya 40 kwa fundi wa Chake si ndogo, na mashine yangu moja inahitaji mota. Nikawaambia vizibao nitashona kwa malipo ya kawaida, lakini tangazo silibandiki mpaka waniletee karatasi yenye idadi ya viti na majina ya waliolipa, waliolipa kwanza wakae kwanza, na pesa irudi kwa nani na lini kiti kikikosekana. Kijana akacheka akasema, "Da' fundi, wewe unataka mkataba wa kwenda kuogelea?" Nikamwambia ndiyo.

Karatasi sijaiona bado. Bi harusi wangu alikuja juzi kuchukua dera lake, akauliza tu kama matope yale kwenye viatu yanatoka kwa sabuni gani.