Sarafu Isiyo na Mahali Pake

Mwaka 1901, huko Msasani, ambako leo ni sehemu ya Kinondoni, ilinunuliwa sarafu ya mfalme wa ukoo wa Ptolemy, waliotawala Misri kabla ya Warumi. Habari iliyobaki ni ya kununuliwa kwake; ya kuchimbuliwa kwake haipo. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kama ililetwa na mabaharia wa kale waliofanya biashara na Rhapta, au na msafiri wa meli ya juzi tu.

Ndivyo ilivyo pia kwa sarafu za makaisari wa Rumi zilizodaiwa kupatikana Bur Gao, pwani ya Somalia, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuzitambua si kazi ngumu: sura ya kaisari na maandishi yaliyoizunguka hutaja zama zake. Lakini mchunguzi Neville Chittick alipofika huko baadaye, hakuona dalili za mji wa nyakati hizo. Shaka imebaki hadi leo.

Sasa tutazame Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Hizo zilichunguzwa kwa utaratibu, na habari zake zikaandikwa. Matokeo yake, wazee wetu wa visiwani wanajulikana duniani kuwa walitumia fedha zenye majina ya watawala wao wenyewe tangu karne ya 11. Tofauti ya Pemba na Msasani si thamani ya madini, ni maandishi.

Leo misingi ya nyumba inachimbwa kila siku Kunduchi na Mbweni, na hata Mbuamaji, iliyokuwa Temeke kabla ya Kigamboni kuwa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka avumbuaye atoe taarifa. Lakini kibarua aliyeokota sarafu hujiuliza: nikiipeleka, nitapata nini zaidi ya maswali? Mnunuzi wa mitaani humpa fedha taslimu na wala hamuulizi jina. Sheria inayomtisha mkweli na kumwacha mlanguzi haiwezi kuhifadhi kitu.

Tunawashauri viongozi wahusika waweke daftari katika kila ofisi ya kata, Bara na Visiwani. Mvumbuzi apewe stakabadhi, jina lake liandikwe pamoja na mahali na kina cha shimo, na apewe kifuta jasho. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara tunayoipata.

Nao wananchi tunawaomba wasizisugue sarafu kwa ndimu wala mchanga. Sarafu ya Kilwa haina sura ya mtu. Ushahidi wake wote ni maandishi ya Kiarabu juu ya shaba nyembamba, nayo yakifutika hayarudi. Ipigwe picha, shimo liwekewe alama, kisha taarifa ipelekwe.

Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ni historia yetu.