UFUNDI WA NYUMBANI: Mbao za Ndani ya Mashua

Mtu wa nchi ya majani ya chai hana sababu kubwa ya kujishughulisha na mashua. Kutoka Kericho mpaka Kisumu ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na wengi wa Kericho na Bomet hulijua Ziwa Viktoria kwa samaki wake tu. Hata hivyo wako watu wa milimani wanaochanga fedha na kununua mashua kuukuu yenye injini, ili kuwatembeza wageni siku za mapumziko. Mashua ya namna hiyo huwa na chumba kidogo, nacho hupigwa mbao nyembamba ndani ili mataruma, yaani mbavu za chombo, yasionekane. Mbao hizo ndizo huharibika mapema: huvimba, hubanduka tabaka na kushika ukungu mweusi.

Karani mmoja wa Litein, mwenye fungu lake katika mashua ya mbao, aliteremka Dunga akiwa amechukua plaiwudi aliyokuwa ameitoa katika masanduku ya zamani ya chai. Ilikuwa kavu, safi, na haikumgharimu kitu. Mzee fundi wa pale aliipokea, akaigongagonga kwa kidole, akaiweka chini.

“Mwanangu, umeyatazama mataruma kabla ya kuyafunika?”

“Bado, mzee. Nilidhani mbao ndizo zilizooza.”

Mzee akang'oa ubao mmoja, akaichomeka bisibisi katika taruma lililokuwa nyuma yake. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama inayoingia katika kiazi kilichopikwa. Laiti karani angalipigilia plaiwudi yake siku hiyo, chumba kingalipendeza sana, na abiria wangalipelekwa kilindini katika chombo kisichokuwa na mbavu upande mmoja.

Yafaa ijulikane kwamba maji yaliyoliharibu taruma lile hayakutoka ziwani. Yalikuwa maji ya mvua, yaliyopenya kwenye sitaha palipopasuka rangi, yakatiririka nyuma ya mbao na kukaa humo pasipo upepo. Ukungu unaoozesha mti hupenda maji matamu. Maji ya chumvi huuzuia kwa kiasi fulani, ndiyo maana mvua huweza kukiozesha chombo kuliko bahari yenyewe. Mti ukikaa na unyevu usiofika sehemu 20 katika 100 za uzito wake mkavu, ukungu hauwezi kuula. Mkulima wa Kericho, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 1,800, amekwisha kuliona jambo hili katika dari ya nyumba yake.

Basi kazi huanza kwa kuziba sitaha, kisha kubadili mataruma yaliyooza, na baada ya hayo ndipo mtu aende dukani.

Dukani kuna mitego. Mbao za unga wa mti ulioshindiliwa hutengeneza kabati zuri la ofisini, lakini zikilowa huvimba, wala hazirudi. Mkaratusi, ambao viwanda vya chai huuchoma kama kuni, hupinda na kupasuka ukikauka. Mbao za sipresi si mbaya: ni nyepesi, hupatikana kwa wapasuaji wa karibu, na zikikaushwa vyema hufaa kwa dari ya chumba cha mashua. Mvule ni bora kuliko zote, ila bei yake huwashinda wengi, na uzito wake hautakiwi mahali ambapo ubao hauchukui mzigo.

Iliyobaki ni plaiwudi, na hapa swali kubwa ni gundi. Plaiwudi ya ndani ya nyumba huunganishwa kwa gundi inayoachia ikilowa mara kwa mara. Ile ya mashua huunganishwa kwa gundi isiyoshindwa hata na maji ya moto, nayo hupigwa muhuri wa kipimo cha Kiingereza, BS 1088. Muhuri peke yake hautoshi, kwa kuwa mpiga muhuri si malaika. Mnunuzi na aombe kipande kidogo, akichemshe saa 4, akikaushe mpaka siku ya pili, akichemshe tena saa 4. Kikibanduka, amepoteza kuni tu. Tena asidanganyike: gundi haiozi, lakini mti ulio kati ya gundi na gundi huoza. Kingo ndizo hunywa maji, kwa hiyo zipakwe rangi mara tatu, na upande wa nyuma upakwe pia, ijapokuwa hakuna mgeni atakayeuona.

Wengine watauliza juu ya plastiki. Kweli haiozi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka 2021 jahazi hilo lilizunguka katika Ziwa Viktoria. Lakini zile mbao nyepesi za plastiki zinazouzwa kwa dari za nyumba zikishika moto hutoa moshi mkali wenye sumu, na chumba cha mashua kina mlango mmoja. Karibu na injini zisiwekwe kabisa.

Karani wa Litein alinunua plaiwudi ya mashua ya milimita 6. Mzee hakumruhusu kutumia misumari hata mmoja. Kila ubao ulishikwa kwa skrubu za shaba, ukaachiwa nafasi ya kidole juu na chini ili upepo upite nyuma yake, na bisibisi ikafungwa kwa kamba kando ya mlango. Kila mwezi mbao mbili hufunguliwa, na mataruma huchomwa moja moja. Ile plaiwudi ya masanduku ilirudi Litein, ikawa viota vya kuku.