Seli shina za farasi na vipakiti vya magoti Newala

Wadau, leo tuongelee magoti. Msicheke.

Msimu wa korosho ukifunguka na pesa za mnada zikianza kuingia, Masasi na Newala hushuka wageni wa kila aina. Mmoja wao ni yule jamaa mwenye begi la vipakiti vya "seli shina". Anamwambia mama aliyebeba ndoo miaka nenda rudi: koroga, kunywa, goti linaota upya. Ukimbana maswali anatoa simu na kuonyesha video ya farasi huko Ulaya, jana anachechemea, leo anaruka viunzi. Sayansi hiyo, bwana!

Sasa tuiangalie hiyo sayansi, maana ya farasi ni kweli ipo.

Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, ule utelezi mweupe unaouona ukila paja la kuku. Likilika, mwili haulirudishi vizuri, awe mtu awe farasi. Farasi wa mashindano hulimaliza mapema, na kwa kuwa wana thamani kubwa, wenye nazo wamemwaga pesa kwenye utafiti. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukaidhinisha dawa ya seli shina kwa farasi, Arti-Cell Forte.

Lakini soma masharti yake. Ni seli hai zilizotoka kwenye damu ya farasi mwingine. Zinatunzwa kwenye baridi kali, nyuzi 70 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Daktari wa mifugo anazichoma kwa sindano ndani ya kiungo chenyewe. Na kibali ni cha kupunguza kuchechemea kidogo hadi kwa wastani, basi. Goti kuota upya? Hakuna.

Haya, niambieni: kipakiti kilichoshinda juani stendi ya Masasi kina seli gani hai? Hata zingekuwemo, tumbo lingezisaga kama nyama ya mchuzi.

Kwa binadamu je? Korea Kusini iliidhinisha tiba moja ya seli shina kwa gegedu la goti mwaka 2012, nayo inawekwa kwa upasuaji, hainywewi. Marekani haijaidhinisha hata moja ya seli shina kwa magoti, na mamlaka yao ya dawa imeshaonya watu mara kadhaa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mama akinywa anaweza kweli kupata nafuu. Duniani baadhi ya "virutubisho" vya viungo vilipopimwa vimekutwa na dawa za maumivu na steroidi zilizofichwa humo. Goti linatulia, huku tumbo, figo na sukari vinaharibika kimyakimya.

Pesa hiyo hiyo ingempeleka Mkomaindo au Ndanda akapimwe. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kwa aliyezidi, na dawa ya maumivu kwa ushauri wa daktari vinasaidia. Goti likishakwisha kabisa, Muhimbili pale MOI wanaweka la bandia.

Wewe uliyekaa kwenye kompyuta muda huu ndiye bibi atakayekuuliza "mjukuu wangu, hii dawa ya kweli?" Usimjibu kwa video. Muulize muuzaji namba ya usajili wa TMDA, halafu uihakiki. Akianza longolongo, umeshapata jibu.

Huko kwenu vipakiti vimefika? Mwageni maoni hapo chini.