Andikeni Mshahara Kwenye Tangazo, Tuanze na Sisi



Mwaka jana nilitumiwa tangazo la kazi kwenye WhatsApp: "Wanahitajika maafisa masoko 20. Kidato cha nne na kuendelea. Mshahara mnono. Wahi, nafasi chache." Nikakopa hela kwa dada yangu, nikapanda basi kutoka Morogoro mpaka Dar. Nauli, kutoa kopi za vyeti, picha za pasipoti, chakula, vyote kwa hela ya mkopo.

Kwenye usaili nikaulizwa, "Unategemea kulipwa shilingi ngapi?" Nitaje nini? Nikitaja kubwa naonekana nina tamaa, nikitaja ndogo nimejifunga mwenyewe. Nikasema laki nne. Jamaa akacheka. "Hapa hakuna mshahara kijana, ni kamisheni."

Mstari mmoja tu kwenye tangazo ungeniokolea hilo deni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, kituo, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Safi sana. Lakini hiyo ni kwa aliyekwisha ajiriwa. Sisi tunaozunguka na bahasha mtaani bado tuko gizani.

Serikali nayo inatangaza kwa mafumbo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaandika ngazi ya mshahara, mfano TGS D. Ni afadhali kuliko "mshahara mnono", lakini kijana wa Kilosa atajuaje TGS D ni shilingi ngapi kama hana mjomba serikalini? Waweke shilingi.

Wenzetu wameweza. Jimbo la Colorado kule Marekani tangu 2021 linawataka waajiri waandike kiwango cha malipo kwenye tangazo. Jiji la New York likafuata Novemba 2022. Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo yake 2023, mwombaji aambiwe malipo mapema.

Waajiri wanasema eti washindani watajua siri zao. Siri gani? Wafanyakazi wanahama kila siku kutoka kampuni moja kwenda nyingine na wanajuana mishahara. Asiyejua ni yule anayeomba kazi tu. Na hapo ndipo watu wawili wanafanya kazi ileile, mmoja analipwa pungufu kwa sababu siku ya usaili aliogopa kutaja.

Sasa niseme la nyumbani, na najua nitasemwa.

Juzi kwenye jimbo letu limetoka tangazo la kutafuta waratibu wa vijana wa kata. Limeandikwa "wenye moyo wa kujitolea". Siku ngapi kwa wiki? Nauli ipo? Posho ipo? Kimya. Nilipouliza kwenye grupu nikajibiwa, "Kamanda, unatanguliza tumbo?"

Hapana. Kujitolea nakujua, nimebandika mabango usiku na nimelala na njaa. Lakini mwenye mzazi wa kumpa nauli ndiye atakayeiweza hiyo nafasi. Mtoto wa mama ntilie atahudhuria wiki mbili, hela ikiisha ataacha, halafu tutasema hana msimamo. Kama hakuna malipo, andikeni: "Hakuna malipo, siku tatu kwa wiki, nauli utajitegemea." Mtu aamue akiwa anajua.

Ninachopendekeza kwa jumuiya yetu ya vijana ni hiki. Kila tangazo letu liwe na malipo kwa shilingi au neno "hakuna", siku na saa za kazi, kituo, na muda wa nafasi. Tukishafanya hivyo, wabunge wetu wapeleke hoja bungeni sheria iwabane waajiri wote. Tukienda kabla, watatusomea tangazo letu wenyewe, na hatutakuwa na jibu.